Barua ya wazi kwa mnaochapa na mnaotuletea majarida ya mapambo ya nyumba: huku Mwanjelwa tunayapenda, ila bei mmetuweza

Kwenu wahariri, wachapishaji, na nyinyi mawakala mnaoyapakia kwenye basi kuja huku Nyanda za Juu Kusini. Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za kazi, wa Iringa kamwene.

Mi ni fundi mapazia na vitambaa vya makochi, nina fremu jirani na soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, huu mwaka wa kumi na nne. Sijazoea kuwaandikia wakubwa, hii nimeichapa kwenye simu kati ya mteja na mteja alafu umeme ulivyokatika mchana cherehani ikalala ndo nikapata muda wa kuimalizia, kwa hiyo mkikuta sentensi imefika Tunduma ikarudi, mnivumilie.

Wiki iliyopita nimempitia kijana anayeniuziaga magazeti pale Kabwe. Kanitunzia jarida moja la nje, kwenye kava kuna kochi la rangi ya haradali na mbwa kalala chini, zuri kwelikweli. Shingapi? Elfu ishirini na mbili. Nikacheka nikijua ananitania kama kawaida yake. Hataniii. Kwenye kona kulikuwa na stika ya bei, nene hivi, nikaikwangua na kucha ya kidole gumba, chini yake ikatokea nyingine 17,000, nikaikwangua na hiyo, chini 12,000. Stika tatu zimelaliana kama mashuka kwenye kitanda kimoja, na jarida lenyewe ni la miezi saba nyuma! Kijana akaniambia mama hata mi nashangaa, linaniijia hivyohivyo kutoka Dar. Simlaumu, naye anatafuta rizki yake.

Nilinunua. Ndo ujinga wangu huo. Nikafika nalo fremuni nikahesabu kurasa: 98. Nikachukua lingine la jina hilohilo nililonalo la mwaka 2014, kurasa 162. Kwa hiyo bei inapanda na kitu kinakonda, na kati ya hizo 98 sijui ngapi ni matangazo ya saa za mkononi na manukato. Jamani saa ya mkononi na sebule wapi na wapi.

Naomba msidhani naandika kwa kuyachukia. Haya makaratasi ndo yamenifundisha kazi. Mwaka 2012 kuna familia ya Kizungu ilikuwa inahama pale Forest, wanauza vitu vya ndani, mi nikaenda kutafuta mapazia yaliyotumika nikaishia kupewa na boksi la vitabu bure. Ndani kulikuwa na katalogi ya IKEA, wale wauza fanicha wa Sweden, nene kama ubao wa kukatia nyama, imeandikwa lugha nikaja kuambiwa ni Kideni. Sijui neno hata moja la Kideni mpaka leo. Ila nilikaa na ile katalogi mwaka mzima, usiku watoto wakilala naifunua nikiangalia wanavyoweka taa ya chini pembeni ya kochi, pazia wanavyolianzia juu kabisa karibu na dari ili chumba kifupi kionekane kirefu, mto mmoja wa njano kati ya mito ya kijivu. Hilo la kuanzia juu sikufundishwa na mtu, nimelitoa humo, na leo nusu ya madirisha niliyoyavalisha Soweto na Block T yamefungwa hivyo.

Nikaja kujua baadaye kwamba ile katalogi kwao ilikuwa inagawiwa bure, ilianza mwaka 1951, na mwaka 2016 zilichapwa nakala milioni 200. Milioni mia mbili! Alafu wakaifunga, ya 2021 ikawa ya mwisho, wakasema watu wote wako mtandaoni. Mi niliposikia nilinyong'onyea kama nimefiwa, mume wangu akanicheka wiki nzima.

Wateja wangu hawasemi jarida. Wanasema "dada lete kile kitabu cha nyumba". Ninavyo 23, kila kimoja nimekivalisha nailoni, na viwili vina alama ya chai ya mtu nisiyemtaja. Hebu niwaeleze kinavyofanya kazi, maana nahisi nyinyi mnadhani ni kitu cha starehe cha mama wa mjini mwenye kahawa mkononi. Dirisha la upana wa mita moja na nusu linataka kitambaa cha mita tatu, mara mbili yake, la sivyo pazia linakuwa limenyooka kama shuka kwenye kamba. Nikimwambia mteja hivyo kwa mdomo anaona namwibia, anatoka anaenda kwa fundi wa jirani atakayemkatia mita moja na nusu. Nikimfungulia picha akaona mikunjo inavyodondoka mpaka chini, hela anatoa mwenyewe. Kwa hiyo hicho kitabu kwangu ni sawa na mkasi, sawa na futikamba.

Mwezi wa sita alikuja mama mmoja mkulima wa viazi wa Uyole. Kamaliza nyumba, vyumba vitatu, bati la msauzi, amejenga kwa misimu mitano, viazi vikilipa anapandisha kozi vikigoma anasubiri. Kaja na binti yake na kamba ya katani yenye mafundo. Ndo vipimo vya madirisha: fundo la kwanza sebuleni, la pili chumba chake, la tatu cha watoto. Nikampa kigoda nikampa na kitabu. Akalamba kidole, akafunua, hana haraka kabisa, udongo wa shamba bado uko kwenye kucha. Akafika kwenye picha ya jiko akakaa hapo muda mrefu mpaka nikadhani kaja kununua jiko. Akauliza, "hawa watu mbona hawana masufuria?" Binti akamjibu yapo ndani ya makabati. "Yote?" Yote mama. Akatikisa kichwa, akafunua. Ukurasa wa 46 akagonga na kidole: pazia la kijani kama chai ya Tukuyu ikishanyeshewa. "Hili. Ila chini lisiguse sakafu, nina kuku."

Niambieni sasa, kuna simu inaweza kufanya hivyo?

Wataniambia vijana kwamba mama umepitwa, kila kitu kipo Pinterest na Instagram. Nipo huko, napiga skrinishoti kama mwendawazimu, simu imejaa. Lakini simu ni ya kuangalia mtu mmoja, wakiwa watatu wanagongana vichwa, ukizuumu picha inavunjikavunjika, bando linaisha, mama mwenye vidole vya shamba akigusa kioo mara kimeruka kwenye video ya mtu anacheza muziki. Na siku hizi kuna balaa jipya, picha za akili mnemba. Mwezi uliopita kaja dada mmoja na picha ya sebule anataka vilevile, nikaitazama nikaona kuna kitu hakijakaa sawa, kumbe pazia limening'inia hewani halina fimbo, na ngazi inapanda inaishia kwenye ukuta. Nilivyomwonyesha alinuna kwanza, ndo akacheka. Jarida la karatasi angalau kuna mtu alisimama kwenye hicho chumba na kamera, kuna fundi alikipigilia kile kifimbo.

Sasa najua na nyinyi mna yenu, tusioneane. Nimesoma soma. Karatasi ilipanda bei dunia nzima 2021 na 2022, meli zikawa ghali, wafanyakazi wa viwanda vya karatasi vya UPM kule Finland waligoma kuanzia Januari Mosi 2022 mpaka Aprili, karibu miezi minne, na vita ya Ukraine ilivyoanza Februari gesi ya kuendeshea viwanda Ulaya ikapaa. Matangazo yaliyokuwa yanawalipia gharama yamehamia kwenye simu. Dola nayo tunaijua, ilikuwa inachezea 2,300 miaka ile, 2024 ikapita 2,600, kuipata mpaka ujuane na mtu. Haya nayaelewa, hata mi nyuzi na ringi za pazia zilinipandia. Ila kuna kitu kimoja nisaidieni: mwishoni mwa 2024 shilingi ilikaza, dola ikashuka kwa nguvu tu, wenye magari walishangilia. Stika ya kushuka mbona sikuiona? Nimekwangua mpaka chini nikakuta zote ni za kupanda. Mi kitambaa kikishuka mteja ananiuliza siku hiyohiyo, na nampunguzia, maana anajua bei ya Kariakoo kuliko mimi.

Na mniache niseme la karatasi kidogo maana linanikera kwa namna ya kwangu. Ukitoka hapa kwenda Iringa, Mafinga pale unapishana na malori ya magogo ya msitu wa Sao Hill mpaka unachoka kuhesabu. Kiwanda cha karatasi kipo, Mgololo, Mufindi hapohapo. Kinachotoka pale ni karatasi ya kaki, ya mifuko na maboksi, ngumu na nzuri. Hii yenu ya kung'aa inapakwa udongo mweupe juu ndo inakuwa laini vile na nzito vile, ndo maana boksi moja la majarida mtu mmoja halinyanyui. Na huo udongo mweupe upo Pugu, Dar es Salaam, toka tuko shule tunakaririshwa. Kwa hiyo mti tunao, udongo tunao, alafu jarida linakuja na meli, linashuka bandarini, linapanda basi kilometa zaidi ya 800, linazunguka kona za Kitonga ndo linanifikia mimi niliyezungukwa na misitu. Mi sio mchumi, huenda kuna sababu nzuri, lakini nikiwa nimekaa na hilo jarida la 22,000 mapajani nawaza vitu vingi.

Kwani lazima ling'ae lote? Mkichapa toleo la karatasi ya kawaida, ile ya gazeti, kava tu ndo ling'ae, tutanunua. Hatulambi karatasi sisi, tunaangalia picha. Better Homes & Gardens la Marekani, mnalijua kuliko mimi, lilianzishwa mwaka 1922 na Edwin Meredith, mtu aliyeanza na gazeti la wakulima alafu akawa waziri wa kilimo, na jina lake la kwanza lilikuwa Fruit, Garden and Home, matunda na bustani vinaanza nyumba ndo inafuata. Yaani jarida la nyumba lililotoka kwa mtu wa mashamba. Huyo angemwelewa mama yangu wa Uyole na kamba yake.

Maana hata yaliyomo ndani tuongee. Kochi jeupe. Kila toleo kochi jeupe, kapeti jeupe, ukuta mweupe. Njooni Mbeya mwezi wa pili mvua imekolea, tope jekundu limepanda mpaka kwenye baraza, watoto wanne wanarudi shule, mnionyeshe hilo kochi jeupe linakaa wapi. Na mkituonyesha nyumba ya Kitanzania basi ni ya Dar au Zanzibar, feni juu, madirisha wazi upepo unaingia, neti nyepesi inapepea. Huku mwezi wa sita na wa saba tunavaa makoti ndani. Pazia la huku ni la kuzuia baridi, linatakiwa liwe na bitana nyuma, lishuke mpaka chini (kama huna kuku), na hakuna jarida hata moja lililowahi kunieleza bitana ipi inafaa, nimejifunza kwa kuharibu vitambaa vya watu.

Kitu pekee kwenye majarida ya Ulaya ambacho ni cha huku kabisa ni mahali pa moto, faya plesi. Nyumba za zamani za Uzunguni hapa Mbeya zinazo, bangaloo za mashamba ya chai kule Mufindi zinazo, dohani zinaonekana toka barabarani. Waliojenga zamani walijua baridi hii. Sisi tuliokuja kujenga baadaye tumejenga ramani za Dar, hatuna dohani, kwa hiyo usiku mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani anafunga mlango na dirisha, na ile hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, kila mwaka ikifika baridi tunasikia kuna watu hawakuamka. Mnaweza kutoa kurasa sita za mishumaa ya kunukia. Toeni mbili za kuonyesha fundi wa kawaida anavyojenga faya plesi ya matofali ya kuchoma, dohani inatokea wapi kwenye bati la msauzi lisivuje, moshi unapanda vipi usirudi ndani. Na vipimo kwa futi, siyo picha tu na kipande cha maneno kuhusu "utulivu wa roho". Hilo toleo hata mkiliweka 22,000 nitashika foleni.

Alafu la mwisho, nalo nimeliweka moyoni muda. Kwenye hilohilo jarida la mbwa, ukurasa wa kati, kuna chumba cha kulala, chini ya dirisha kikapu kimejazwa mablanketi. Nikakitambua kabla sijasoma. Mama mkwe wangu ni mtu wa Kalenga, Iringa, anasuka vikapu vya milulu, yale majani marefu, toka binti, na ule msuko wa kuzunguka na ule mkono wake naujua hata gizani. Nikamwomba kijana wa duka la simu anisomee maelezo ya chini. Kochi limetajwa duka lake. Taa imetajwa aliyeibuni, jina na ukoo. Rangi ya ukuta imepewa na namba. Kikapu: "kikapu cha Kiafrika". Basi. Afrika kubwa yote hiyo, na mama kakaa chini kwenye mkeka Kalenga mgongo unamuuma. Ni kama vyungu vya Wakisi vya kule Ikombe, vinapita Matema sokoni kwa bei ya soda mbili tatu, vikishawekwa kwenye picha na ua kavu ndani vinakuwa sanaa. Andikeni basi Iringa. Herufi sita tu hazijazi ukurasa.

Ninachoomba hakitoshi kuwafilisi. Bei ikishuka kule, na huku ishuke. Yale yasiyouzwa, ambayo sijui mnayarudisha wapi au mnayachana, yaleteni maktaba ya mkoa na pale chuo cha ufundi VETA watoto wanaosoma ushonaji na useremala wayashike kwa mikono. Na mkitaka kupiga picha nyumba ya Mbeya msitafute hoteli, njooni fremuni kwangu nitawapeleka kwenye nyumba tano ambazo wenyewe wamezipamba kwa akili zao, kuna mmoja Isanga kapanga matofali ya kuchoma nyuma ya kitanda mpaka mi mwenyewe nilikaa kimya. Nafungua saa mbili asubuhi, Jumapili nipo kanisani.

Ila mfanye haraka, maana Jumamosi yule mama wa Uyole anarudi. Viazi vimelipa, sasa anataka na mapazia ya chumbani, kaniambia nimwekee kitabu kilekile, na mi juzi nimekifungua nikakuta ukurasa wa 46 haupo, kuna mteja kauchana kaondoka nao.

Wenu,
Fundi mapazia, Mwanjelwa, Mbeya